Tulivyojaribu kulisha gari la umeme kwa luku ya bei nafuu hapa Mandewa

Wakuu, salama humu? Walionizidi umri, shikamooni.

Naona kila wiki mtu anauliza kuhusu kuagiza gari la umeme na kulichaji nyumbani, na wengi wanaomjibu hawajawahi kuishi nalo. Sisi tunaishi nalo, hapa Mandewa, Singida. Nitaeleza yalivyotokea. Sina haja ya kuongeza chumvi, yenyewe yalikuja na chumvi yake.

Kwa watakaouliza: ni gari dogo, limetumika Japani, betri imechoka kiasi. Linamudu mizunguko ya mjini, na Ikungi linafika na kurudi kama dereva hana haraka.

Lilinunuliwa kwa ajili ya mama mkwe wangu. Mama alihamia kwetu kutoka Mungaa kwa sababu macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alibaki anaona mwanga na vivuli tu. Hospitali wakatuambia kuna madaktari wa macho watapita, watafanya upasuaji siku chache kisha waondoke. Mama akapangiwa siku yake. Asiyefika anasubiri watakapopita tena, na hakuna aliyeweza kutuambia ni lini.

Mume wangu, Baba Neema, akasema mama yake hatapelekwa kwenye upasuaji kwa pikipiki. Atapelekwa kwa gari, la kwetu wenyewe. Hapo nilimpenda upya.

Sasa tuje kwenye umeme. Someni polepole, ni rahisi kuliko inavyosemwa.

Umeme wa majumbani una bei za aina mbili. Kuna tarifu ya mtumiaji mdogo: taa, tivii, friji dogo. Uniti zake ni nafuu sana, ila kuna kiwango cha mwezi. Ukikivuka, zinazozidi unauziwa bei ya juu, na ukizoea kuvuka unahamishwa kabisa.

Halafu kuna tarifu ya matumizi ya kawaida. Bei iko juu, lakini ni hiyo hiyo kwa kila uniti, na hakuna kiwango cha kukutia wasiwasi.

Viwango hubadilika, kwa hiyo msininukuu. Kaulizeni ofisi ya umeme ya wilaya yenu.

Luku yetu, yaani mita ya kununua umeme kabla ya kuutumia, ilikuwa kwenye ile nafuu. Na Baba Neema anaipenda tarifu ile kama mtu anavyolipenda shamba aliloachiwa na baba yake. Nilipomwambia gari likijazwa mara moja tu litakunywa umeme wa nyumba nzima wa siku nyingi, na kwamba tuliombee mita yake, alinitazama kama nimependekeza tuuze shamba.

Hofu yake ilikuwa hii: tukiomba mita ya pili, watu wa umeme watakuja kukagua, wataliona gari, na nyumba nzima itahamishiwa bei ya juu. Ikawa gari la ofisi ya umeme likionekana mtaani, anatoka haraka kulifunika letu turubai. Wakuu, gari lililofunikwa turubai Singida, kwa upepo huu wetu, halifichiki. Linapiga makofi.

Basi akaja na mpango. Gari litachajiwa kwenye luku ile ile, na nyumba itajibana ili tusivuke kiwango.

Pasi ya umeme ikapigwa marufuku, tukarudi kwenye ya mkaa. Jagi la kuchemshia maji likapanda juu ya kabati. Friji likawa kabati la kawaida lenye mlango mzito. Jirani yetu Mama Rehema alipita akaniona napuliza mkaa wa pasi huku waya wa chaja ukitoka dirishani kwenda kwenye gari. Akauliza kwa upole kama gari ndilo lililooa hapa.

Na kukawa na sheria moja, ambayo Baba Neema aliirudia kila jioni: kisichotumika kizimwe.

Aliyeishika sheria hiyo kuliko sote ni Mama. Mama alikuwa anaumia kuwa mzigo kwa watoto, na hapo alipata kazi. Mwanawe alimzungusha nyumba nzima akimshikisha soketi moja moja, hadi akazijua kwa vidole. Kila alfajiri alipita na kanga yake mabegani, akipapasa ukuta na kuzima. Mara mbili alinizimia simu ikiwa kwenye chaji. Baba Neema alimsifu mbele yetu. Alisema laiti nyumba hii wote tungekuwa kama Mama.

Nadhani waliowahi kukaa na wazee wameshaona tunakoelekea.

Kwa kubana uniti, Baba Neema aliliacha gari na betri karibu tupu, akapanga lichajiwe usiku mmoja tu wa kuamkia upasuaji. Kwa soketi ya kawaida gari kama letu linahitaji usiku mzima. Akachomeka, akaona taa ya kijani ya chaja inawakawaka, akalala kwa amani.

Asubuhi tulimkuta Mama amekaa kwenye kiti cha mbele, amevaa kitenge kipya. Baba Neema akawasha. Gari likaonyesha alama ya betri, ile nyekundu. Kwa chaji ile tungefika labda dukani.

Soketi ilikuwa imezimwa.

Mama akasema kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ya mtu anayetegemea shukrani.

"Ile ya dirishani nimeizima mimi. Niliona kataa kanawakawaka huko nje, nikasema hawa watoto wamesahau tena."

"Mama," mume wangu akaanza, "lile lilikuwa gari linachaji."

"Lilikuwa linakwenda?"

"Hapana, Mama. Lilikuwa limesimama."

"Nani alikuwa ndani?"

"Hakukuwa na mtu."

"Sasa si ulisema kisichotumika kizimwe?"

Mume wangu akaenda kuiwasha soketi, kana kwamba usiku ungerudi. Kisha Mama akaelewa. Niliona mikono yake inaanza kukunja ncha ya kitenge, na akasema kwa sauti ndogo kwamba basi, yeye atarudi tu Mungaa, macho ameshayazoea hivi hivi.

Sikumsubiri mume wangu. Nilikimbia barabarani nikasimamisha bajaji.

Tulibanana watatu nyuma. Tulipokaribia hospitali Mama akamgusa dereva begani.

"Mwanangu, hii yako inakula nini?"

"Petroli, Bibi."

"Inakula imelala?"

"Hapana Bibi, ikiamka tu."

Mama akaitikia kwa kichwa, na akaongeza kwa Kinyaturu neno moja ambalo sitalitafsiri hapa. Baba Neema aligeukia nje akawa anatazama alizeti za watu.

Tulifika jina lake limeshaitwa. Nesi alitusema, kwa haki yake, kisha akamwingiza. Wakaanza na jicho la kulia.

Kesho yake bandeji ilitolewa. Tulirudi kwa bajaji tena. Mama alishuka, akatutazama mmoja mmoja, akasema nimekonda. Akatazama ukuta, kuku, waya wa dirishani. Mwisho akalifikia gari. Alilizunguka taratibu, akarudi pale alipoanzia.

"Kumbe lenyewe ni dogo hivi?"

Wiki ile ile Baba Neema alikwenda ofisi ya umeme kwa miguu yake. Afisa alimsikiliza akamwambia, bila kushangaa hata kidogo, kwamba nyumba inabaki kwenye tarifu yake mradi matumizi yake ni madogo, na gari likijengewa banda lenye waya wake, banda hilo litapewa mita yake ya matumizi ya kawaida. Kwetu ilikubalika, kwako uliza kwanza.

Ushauri wangu kwa anayejipanga: mtafute fundi mwenye leseni, gari lipate waya wake mnene, breka yake ya kukata umeme na athi, ule waya wa ardhini, ya uhakika, usilichaji kwa ekstensheni. Ukiambiwa lazima fezi tatu, ule umeme wa mashine kubwa, uliza kwa nini. Gari moja dogo la kuchaji usiku, fezi moja inatosha. Na ukiona nyumba imeanza kujinyima ili kifaa kishibe, tarifu yako siyo nafuu tena, hata risiti isemeje.

Pasi ya umeme imerudi. Mama bado anapita alfajiri kuzima, sasa anaona na anazima vizuri zaidi. Ila swichi ya banda haigusi, ameifunga kitambaa chekundu. Kwao Mungaa, mbuzi wa mgeni hufungwa hivyo shingoni, ili wenyeji wajue huyu analishwa, lakini siyo wa hapa.

Mwenye gari la umeme mkoani aseme yeye analichaji kwenye tarifu gani. Na mwenye mama mkwe aseme soketi zake ziko salama kiasi gani. Nipo, nitajibu kila mtu.