Mshale wa Kamari Ulivyonichana Mguu

Ulishawahi kukaa chini ukisubiri kufa, jua linawaka, na majirani wanatafuna ubuyu na kucheka?

Mimi nilikaa.

Siongei sana. Kambini wananiita Bubu. Ndiyo maana naandika.

Siku hiyo kaka yangu Maroba alikuwa ananoa mishale kwenye jiwe. Kwetu Wahadzabe, mwanaume mwenye mishale butu hata mama mkwe hamtazami.

Mshale wenye kichwa kipana hatuupaki sumu, unaua kwa makali yake. Mwembamba ndio unaopakwa sumu shingoni, kisha unaviringishiwa ukanda wa ngozi ili sumu isikauke na mtu asijikwaruze.

"Bubu, nipe huo mpana," kaka akasema. "Au unaogopa utakung'ata?"

Nikauchukua. Ukaniponyoka, ukanichana mguu chini kidogo ya goti.

"Mikono kama imepakwa mafuta!" Maroba akacheka. Akauokota, akautazama.

Kicheko kikakatika.

Shingoni mwa ule mshale kulikuwa na kitu cheusi, kinanata.

"Kaka, si mpana huo? Mpana hauna sumu."

"Huu si wangu. Nimeushinda jana kwa Sokolo, kwenye kamari."

Sokolo ni shemeji yetu, mume wa dada, na hakuna asichokijaribu yule. Kupaka sumu mshale mpana? Angeweza kabisa.

Sumu yetu inaangusha pundamilia. Dawa yake sijawahi kuisikia.

Maroba akapapasa chini, akanyakua cha kufungia, akanikaza mguu juu ya jeraha mpaka nikapiga yowe.

"Usisogee! Usisimame! Yaani we kaa tu!"

Akatoka mbio kumtafuta Sokolo.

Moyo ulinidunda hadi masikioni. Ni sumu au ni woga? Midomo ikawa mizito. Kwa mbali nilimwona mama akichimba mizizi. Nilitaka kumwita, nikaona aibu.

Hebu fikiria. Nakufa, na bado naona aibu.

Kaka akarudi akimburuta Sokolo kwa mkono.

"Sema! Ulipaka nini huu?"

"Gundi ya mti, jamani! Kichwa kilikuwa kinalegea, nikakigandisha. Kwani ulitaka nikupe mshale mzima bure?"

Akabandua kipande kwa ukucha, akakitafuna mbele yetu.

Nikalia kwa raha. Sokolo akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji Bubu, zile shanga zako ulikuwa umeshamwachia nani?"

Ghafla akasogea karibu. Macho yake yalikuwa kwenye mguu wangu.

"Maroba. Umemfunga na nini?"

Kaka akageuka. Kando ya jiwe, mshale mmoja mwembamba ulikuwa uchi.

Ukanda wake ndio niliofungwa nao. Upande uliokuwa umelalia sumu ulikuwa kwenye ngozi yangu, upana wa kidole tu kutoka kwenye jeraha. Na jasho lilikuwa linateremka kuelekea kwenye damu.

Sokolo akaudaka mguu wangu, akauinua juu ya bega lake ili jasho lirudi nyuma. "Fungua!" akamwambia kaka. Kaka akavuta fundo kwa pupa, likazidi kukaza.

"Ondoka," nikamwambia.

Sikuwahi kumwambia hivyo kaka yangu. Nikachomeka kijiti kwenye fundo, nikalilegeza polepole, nikauinua ukanda kwa kijiti hicho bila kuugusa, nikautupa kwenye moto uliokuwa kando yetu. Sokolo akanifuta kwa majani, kuelekea pajani, mara nyingi, ndipo akanimwagia maji.

Maroba alitapika.

Mshale tuliouogopa ulikuwa na gundi tu. Kilichokaribia kuniua nilifungwa nacho na mtu anayenipenda, akiwa na haraka ya kuniokoa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, mwenzako akiumia, kabla hujamshika, tazama kwanza mkono wako umeshika nini.

Siku hizi Maroba akivua ukanda wa mshale anautundika juu ya mti, mbali na kamba nyingine. Mimi nikiuona tu, mguu unaniwasha.