Vayolini za kwenye disketi zilivyomfunika mwimbaji wetu, Musoma

Wakuu, kwema? Hili limenikuta mwenyewe. Asiyeamini aje Musoma, mashahidi wapo, ila waje na hela ya soda.

Ilikuwa enzi za ruksa. Bidhaa zinaingia. Mfanyabiashara mmoja wa Bunda akaleta disketi za kinanda zenye sauti za okestra. Mimi ndiye nilikuwaga mpiga kinanda wa kwaya yetu ya Murangi, nikatumwa kuchagua.

Nikachagua kama tunavyonunuaga dagaa sokoni Mwigobero: fungu lililojaa kuliko yote. Nabonyeza kidole kimoja, duka zima vayolini! Nikabishana bei mpaka muuzaji akatafuta kiti.

Siku ya kurekodi kaseti tuko studio, Iringo. Magodoro ukutani ya kuzuia kelele, joto balaa. Kiongozi wa nyimbo, Mama Nyakato, kashafunga mizigo, kesho anahamia Mwanza. Sauti yake isipoingia leo, basi tena.

Tukapiga. Tukasikiliza.

Mama hasikiki. Vayolini zimemfunika, halafu zinachelewa. Ngoma ishapita ndiyo zinaibuka.

Mama akanigeukia: "We kijana, umeniita kuimba au kuzikwa?"

Mwalimu Magesa, mkuu wa kwaya, akasema, "Zima hicho kinanda. Ngoma inatosha."

"Mwalimu, mara moja tu."

"Moja. Na umeme usikatike."

Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Nikahesabu, nikarudia. Kidole kimoja ni kundi zima la vayolini. Mimi nimeweka kumi! Makundi kumi kwa mama mmoja. Hata kwaya yetu, besi hawaendi kuimba soprano; kila sauti na sehemu yake.

Nikabaki na vidole vitatu: kimoja chini kabisa, viwili katikati. Kule juu anakopita mama sikugusa. Na kwa kuwa sauti zile zinaanzaga polepole, nikawa nabonyeza mapema kidogo, mama akivuta pumzi tu.

Akaimba. Mwalimu akarudisha kaseti nyuma, tukasikiliza.

"Huyo ni mimi?" mama akauliza.

"Ni wewe, mama."

Akajifuta uso na kanga. "Haya. Sasa naweza kwenda."

Wakuu, siku hizi maktaba za sauti za okestra zinajaza hard disk nzima, na demo, zile nyimbo za kuonjesha wateja, zote ni tamu. Usinunue kwa kusikiliza demo peke yake. Zijaribu pamoja na mwimbaji wako, kisha punguza vidole.

Nyie strings, yaani hizo vayolini na wenzake, mnazipangaje zisimmeze mtu? Wenye mawazo tofauti karibuni, tubishane.