Maktaba ya Nthoki

Nthoki Kyule alikuwa na jambo moja alilolitaka kwa ukaidi: jina la baba yake liandikwe mahali. Mzee huyo alichonga twiga na simba kwa miaka arobaini katika banda la mabati pale Kariobangi. Vinyago vilipandishwa ndege kwenda nchi ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuziona, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa Kyule. Alipofariki, binti yake alirithi banda, patasi kumi na mbili na uchungu huo. Mengine yote alijitafutia.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mfupi, anayekaa ghorofa ya tatu huko Baba Dogo na kupanda ngazi akijisemesha mwenyewe. Ukimpa kazi atakuuliza maswali mpaka ujute kumpa. Majirani humcheka kwamba hata akinunua sufuria lazima aipindue kwanza, aikague kitako. Shule aliachia darasa la nane, na hilo halijawahi kumzuia kuwasahihisha mafundi wenye vyeti, tena mbele ya wateja wao.

Rafiki yake alikuwa Everline Wekulo. Si rafiki wa salamu tu. Walilelewa mlango kwa mlango Shauri Moyo, mmoja kwa Waluhya, mwingine kwa Wakamba, na mama zao walikuwa wakimgombeza mtoto yeyote aliyekuwa karibu bila kuuliza ni wa nani. Shule zikifungwa, wote wawili walifanya kazi katika banda la mzee Kyule. Baadaye Everline alipelekwa chuo, akasomea kupamba na kupanga majengo kwa ndani, akafungua ofisi mjini. Hakumsahau mwenzake. Kila alipopata kazi ya mbao alimletea Nthoki, na Nthoki akamwamini bila kujiuliza mara mbili.

Mwaka juzi Everline alikuja bandani na habari. Chuo kikuu kipya huko kaskazini, pembeni mwa jangwa la Chalbi, kilitaka mtu wa kubuni maktaba yake kwa ndani. Kilisema wazi kwamba kinataka kitu kilichotokana na maumbile ya nchi kame, si vioo na mazulia ya kuigwa mijini. Everline alikuwa amekwama. Alichora majani ukutani, akachora ngamia, akaona haya mwenyewe. Alimwomba Nthoki amsaidie kufikiri, na akamwahidi, mkono juu ya meza ya mzee, kwamba michoro ingebeba majina mawili: Wekulo na Kyule.

Nthoki alifikiri kwa miezi minne. Alikumbuka Mutomo, alikochunga mbuzi wa nyanya yake kila Desemba. Alikumbuka vichuguu, jinsi hewa inavyopanda na kutoka juu yake kama moshi kwenye dohani. Alikumbuka kwera, wale ndege wadogo wanaosuka viota vya nyasi kwenye migunga. Viota vyote hukaa upande mmoja wa mti, magharibi, kwa sababu upepo wa vumbi hutoka mashariki, na mlango wa kila kiota hutazama chini. Mtoto aliyepotea na mbuzi porini alitazama viota tu, akajua nyumbani ni wapi.

Kutokana na hayo alibuni ukuta wa mbao wenye matundu mia tatu, yote yakielekea magharibi na kuinama kidogo. Nyuma yake alipanga mitungi ya udongo yenye maji ili hewa ipite juu yake ikipoa. Dari aliisuka kwa fito na kuiacha wazi katikati, joto lipande litoke. Mbao aliamua ziwe za mathenge, ule mti wa miiba ulioteka malisho ya kaskazini na unaolaaniwa na kila mwenye mbuzi. Wenzake pale Kariobangi walimuuliza kama amerukwa na akili, naye akawajibu kwamba mti uliojaa kiasi hicho lazima uwe na kazi.

Alichonga mfano wa chumba hicho, mzigo wa kubebwa na watu wawili. Everline alipokuja kuuona, jiko la makaa likiwaka upande wa pili, aliingiza mkono ndani na kukuta ubaridi. Akalia machozi hapo hapo. Kisha akaupiga picha kila upande, akaenda kuuchora kwa kompyuta.

Siku ya kuwasilisha walikutana na kamati ya watu watano katika ofisi moja mjini. Nthoki alivaa gauni lake la kanisani, na ule mfano wakauweka mezani. Everline akawasha mashine, na mchoro wa kwanza ukatokea ukutani, na chini yake jina: Everline Wekulo. Nthoki akatafuta la pili. Akalitafuta kwenye mchoro uliofuata, na uliofuata. Alijituliza kwamba labda majina yao yatakuja mwishoni, kwa pamoja, kwa heshima. Michoro ikaisha.

Mwenyekiti wa kamati, mama mpole mwenye miwani aliyeitwa Daktari Wangu, akauliza huyu mwenzetu ni nani. Everline alijibu bila kugeuza kichwa.

"Huyu ni Nthoki. Ni wa msasa."

Kamati ikatabasamu kwa adabu. Kwao hilo lilikuwa jina la kazi tu, kama dereva au karani. Lakini katika mabanda ya wachongaji neno hilo lina ubaya wake. Mchongaji ndiye anayekiona kinyago ndani ya gogo. Wa msasa hukabidhiwa kilichokwisha ili akilainishe, na haulizwi lolote. Kinyago kikivunjika hutukanwa yeye, kikipendeza hatajwi. Nthoki na Everline walianza hivyo wakiwa na miaka kumi na miwili, vumbi limejaa kwenye kope. Na siku mzee Kyule alipompa binti yake patasi ya kwanza, ni Everline aliyezunguka banda zima akionya kwamba asisikie tena mtu akimwita Nthoki wa msasa. Katika chumba kile cha wasomi, watu wawili tu walielewa kilichosemwa, na mmoja wao ndiye aliyekisema.

Iliuma.

Daktari Wangu akauliza swali la haki kabisa. Matundu yote yanaelekea magharibi, na jua kali la alasiri si linatoka huko huko? Kwa nini yasielekezwe kwingine? Everline akafungua mdomo. Alikuwa amechora alichopewa; sababu yake hakuwahi kuiuliza. Akaanza kusema mambo ya mwonekano, mara mambo ya mvuto, na wanakamati wakaanza kutazamana. Mmoja akafunga faili lake. Ndipo Everline akamgeukia Nthoki, na macho yake yalikuwa yanaomba.

Angeweza kunyamaza. Wengi wetu tungenyamaza, tena kwa raha. Lakini akinyamaza, Everline angeanguka na maktaba ingeanguka naye. Akisema, maktaba ingesimama, na kila neno lake lingehesabiwa kuwa la Everline. Nthoki aliutazama ule mfano mezani, miezi minne ya maisha yake. Akasimama.

Alizungumza kwa dakika ishirini. Aliwaeleza juu ya kwera na upepo wa mashariki, akawaonesha jinsi tundu linaloinama linavyolizuia jua na kuliacha vumbi nje. Akamwomba Daktari Wangu aingize mkono. Baada ya hapo kamati nzima ilipanga foleni, watu wazima na suti zao, kila mmoja akisubiri zamu ya kuingiza mkono.

Daktari Wangu alimpa Everline mkono na kumwambia kwamba kazi ni yake. Akaongeza kwamba ni nadra kukutana na mbunifu aliyewafundisha wafanyakazi wake vizuri namna ile.

Everline akasema asante.

Huko nje kwenye maegesho Everline alikuwa na maelezo mengi. Fomu ilidai mtu mwenye cheti, nafasi ya jina ilikuwa moja tu, na angerekebisha mbele ya safari. Nthoki alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Siz, usinune," Everline akasema. "Si tumepata? Ningewaambiaje kwamba uliachia darasa la nane?"

"Ungewaambia hivyo hivyo. Ni kweli," Nthoki akasema. "Lakini umeniita wa msasa."

"Wale hawajui hata maana yake."

"Wewe unajua."

Everline akainama kutafuta funguo za gari kwenye mkoba. Akazitafuta kwa muda mrefu, nazo zilikuwa mkononi mwake.