Siku Seli ya Mmea Ilipomwangukia Mkuu wa Shule

Naona aibu kusimulia, lakini hasira imeizidi aibu, kwa hiyo nisikilizeni. Wakati ule nilikuwa mwalimu wa kujitolea wa biolojia hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka (diploma yangu ya Bukavu, kule Kongo, ilikuwa imelala sandukuni tangu nifike Malawi), nikaitwa kufundisha somo la majaribio kwenye shule moja ya binafsi kule Lilongwe, nikifaulu naajiriwa. Kazi ya kweli, yenye mshahara! Nyumba nzima tulifunga tukaomba.

Nikachagua seli ya mmea. Vitabu vinachora zile chembe za kijani, zinazotengeneza chakula cha mmea kwa mwanga wa jua, kana kwamba zinaelea tu ndani ya ute, kila moja na hamsini zake. Si kweli! Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba zimeshikana na chembe nyingine za jirani. Wataalamu waliibana chembe moja ndogo kwa mwanga wa leza, wakaivuta mbali na ile ya kijani, walipoiachia ikarudi yenyewe. Nikasema, hao watu wa Lilongwe leo watanitambua.

Nikachukua beseni, vifungo vya mke wangu (ni fundi cherehani) viwe zile chembe, na kwa ute nikapika amido, ule uji wa unga wa muhogo ambao kwetu tunakazia kola za mashati. Kwenye kuunganisha vifungo ndipo nilipojimaliza.

"Baba Neema, tia lastiki," mke wangu akasema. "Ukivuta kifungo, itarudia."

"Lastiki ya kaleso, ya nguo ya ndani? Mbele ya direktere wa shule? Mi niko mwalimu, mama!"

Akavifunga vyote kwa uzi wa nailoni wa kushonea mabegi, mafundo ya kufa mtu. Na mimi nikaongeza unga kwenye amido isije ikamwagika njiani, maana kabaza, ile baiskeli ya abiria, ikiingia kwenye makorongo haina huruma. Mpaka nafika Lilongwe, ute wangu ulikuwa umeganda kama nsima ya jana, ule ugali wa huku, na mimi sikuangalia.

Nikasimama mbele ya mkuu wa shule, mama mmoja mwenye sketi nyeupe (nani anavaa sketi nyeupe siku ya kazi?), pamoja na mabwana wawili, nikaeleza vizuri kabisa, kisha nikamsogezea mama beseni aone kwa karibu. "Angalieni, ukivuta moja, nyingine zinasikia." Nikavuta kifungo. Hakikuja. Nikavuta tena kwa nguvu za baba mwenye watoto wanne, na seli nzima ikachomoka kwa mkupuo mmoja, vifungo, uzi na amido, ikatua kwenye ile sketi, pwaa!

Bwana mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Mkuu akasema, "Zikomo, asante, mwalimu, inatosha." Inatosha! Kwani sikuthibitisha? Si vyote vilikuja pamoja? Hakuna aliyeuliza hata swali moja la sayansi! Wakamchukua kijana aliyechora miduara ubaoni, yote inaelea. Mpaka leo inaniuma.

Baada ya wiki mbili simu ikaita, mkuu mwenyewe. Nikasimama wima, nikaweka sauti ya darasani. Akaniambia kwamba alipokuwa akibandua ule uchafu kwenye sketi aliona hakuna hata fundo moja lililoachia, na sare za wanafunzi wake zinafumuka kila muhula, sasa nani alifunga vile? Nikampa mke wangu simu.

"Iko ananipa kazi ya uniforme," akaninong'oneza, kiganja juu ya simu. "We unalia juu ya nini?"

"Silii!"

Nimeapa, maisha yangu yote nitafundisha kwa chaki tu. Na kila muhula ukianza mimi ndiye ninayebeba mafurushi ya sare mpaka getini kwa ile shule, ambako mlinzi haniulizi tena jina. Anaandika mwenyewe kwenye daftari lake: mume wa fundi.