Broka Wangu, Bakoki Wangu

Nilipostaafu ualimu nilitaka kitu kimoja tu: nyumba za kupangisha Kitale, ili mimi na mke wangu tusije tukawa mzigo kwa watoto. Biashara ya nyumba hatukuijua, kwa hiyo tulizungumza na watu wawili.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja ajenti, mwenye ofisi juu ya duka la mbegu. Hakuchekacheka nasi. Alisema atalipwa na sisi peke yetu, cha muuzaji hatagusa, na kabla ya lolote ataangalia ramani ya ploti na kuwauliza majirani. Mke wangu alimpenda papo hapo.

Wa pili alikuwa bakoki wangu, broka wa nyumba. Kwetu Bungoma, mliotahiriwa msimu mmoja ni bakoki hadi kaburini. Binti yake ni binti yako. Yeye ndiye aliyetuletea habari za nyumba kando ya barabara ya Saboti, vyumba vyote vina wapangaji. Nikamtajia yule mama.

"Ati ulipe mtu akulinde, ati mimi nitakuibia?" akasema. "Si tulisimama pamoja asubuhi ile ya kisu, bana? Hiyo ni matusi, bakoki."

Basi nikamwacha yule mama. Kumwekea bakoki mlinzi ni aibu ambayo mtu wa kwetu hawezi kuibeba. Ningeisikia ikisemwa kila matanga. Mke wangu alinuna. Nikamwambia haelewi mambo ya wanaume.

Tulinunua. Hati ilipotoka kwa jina langu, jirani akazungushia seng'enge mbele ya lango letu. Ile njia tuliyokuwa tukipita ni shamba lake, na muuzaji alikuwa ameonywa zamani kwamba itafungwa. Wapangaji walihama mmoja mmoja, wakipitisha magodoro chini ya waya, nami nimesimama nikiwatazama.

Nilimwendea bakoki. Hakukana.

"Nilijua," alisema. "Lakini ni mwenye nyumba alinipatia kazi. Wewe hukunipatia. Ungenipatia, ningekuambia."

Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto hesabu. Namchukia kwa upole ule kuliko kwa ule waya.

Juzi alikuja kwangu akanywa chai yangu. Amepata mnunuzi wa zile nyumba: nesi mmoja mjane wa Lwakhakha, hana ajenti.

"Saa hii niko upande wako," alisema. "Hiyo maneno ya njia tunyamazie tu. Nishaongea na jirani, siku ya kuonyesha nyumba atatoa waya."

Nilimtoa nje kabla hajamaliza chai. Mke wangu alikuwa amesikia yote kutoka jikoni, na nilidhani atanisifu. Alikuja akaketi kwenye kiti alichokuwa amekalia bakoki, akaniuliza yule mjane anakuja lini, na jirani atatoa waya saa ngapi.