Gasketi Isiyo na Asbesto

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwanajeshi. Aliuawa akilinda amani nje ya nchi, na tulipokuwa kijijini kwetu Nambis tukisubiri mwili wake, mashine ya baba ya kusaga ikapasuka gasketi ya injini, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya vyuma, ikazimika. Jamani, na unga wa waombolezaji ulikuwa umebaki wa kuchungulia.

Shangazi akawatangazia watu kwamba baba amezima mashine kwa heshima ya askari wake. Wazee waliotoka Gendabi wakamsifu sana. Baba akainamisha uso, akazipokea sifa zote bila kukanusha hata moja. Mimi niliuma kanga nisicheke mbele za watu.

Nyuma ya mlango wa mashine kulikuwa na karatasi ya zamani ya asbesto, ambayo baba aliikata kutengenezea gasketi siku zote. Kila likizo kaka alimgombeza: vumbi lake linaua mapafu, atafute nyingine. Baba alimjibu kwamba alianza kuikata kabla yeye hajaota meno. Walibishana mpaka chai inapoa, na likizo inayofuata wanaanza upya.

Sasa baba mdogo akaileta ile karatasi, akaomba mkasi. Baba akakataa katakata. Akanituma Mbulu mjini nikatafute isiyo na asbesto, na nisipoipata nisirudi. Nikasema moyoni, huyu mzee leo ana nini?

Duka la kwanza, muuzaji alisema yake haina asbesto kwa sababu ni nyeupe. La pili ndilo lililonimaliza. Nilimpa mzee mwenye duka shikamoo, nikamwuliza kama gasketi yake ina asbesto. Akaniambia ina nyingi tu, wala nisiwe na wasiwasi. Nilicheka peke yangu barabarani, mfiwa mzima. La tatu ndipo nikapata ya grafiti, imeandikwa kwenye pakiti kwamba haina asbesto.

Baba alinisomesha maandishi yale, akanitaka niyasome tena. Baba mdogo, njaa ikimuuma, akamwuliza miaka yote hiyo alimbishia mtoto kwa nini, kama leo anamtii.

"Nilikuwa nambishia ili akija likizo tuendelee," baba akasema. "Sasa nitabishana na nani? Ameshinda."

Akachukua mkasi, akalia kwa sauti. Baba mdogo akamshikia karatasi isiteleze, wakakata pamoja.