Mashimo tisa njia ya Rejaf: nilivyogombea safari ya Uganda na Mzee Lado

Wakuu, habari za kutwa.

Naomba dakika zenu chache. Haya yamenikuta mwenyewe wiki mbili zilizopita. Sijaongeza chumvi, na kwa kuwa sehemu kubwa inaniaibisha, hamna sababu ya kunishuku.

Mimi ni Mtanzania, nafundisha chuo kimoja hapa Juba. Nimeshavuka hamsini na tumbo limetangulia. Daktari aliniambia nitembee. Kutembea bila sababu kunanichosha, nikatafuta sababu, nikaangukia gofu.

Msifikirie gofu ya kwenye TV. Uwanja wetu uko njia ya kwenda Rejaf, mashimo tisa, majani hakuna. Kila mtu anabeba kipande cha zulia la plastiki, anaweka mpira juu yake kwa pigo la kwanza tu. Baada ya hapo mpira unapigwa ulipolala, kwenye kokoto au kwenye mavi ya ng'ombe, na haushikwi mpaka uingie shimoni.

Kuzunguka kila shimo tumemwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari. Tunapaita brauni. Ukirudi nyumbani unanuka kama fundi gereji.

Sasa kisa chenyewe.

Klabu moja ya Uganda ilitualika kwenye mashindano. Nafasi mbili. Moja alijipa mwenyekiti wetu, Ssalongo, Mganda anayeuza spea pale mtaa wa Malakia. Ya pili tuliambiwa tuigombee, mimi na Mzee Lado. Mashimo tisa, atakayeshinda mashimo mengi ndiye anapanda gari.

Mimi nilikuwa nimeshamwambia mke wangu kule Morogoro kwamba nakwenda "kuwakilisha". Yeye akaitangazia kwaya nzima. Sababu yangu ndiyo hiyo, sina nyingine.

Ya Mzee Lado ilikuwa nzito zaidi. Ni mtu wa kabila la Wabari, wa hapahapa Juba, ana miaka sabini na kitu, ujana wake ulipita ukimbizini Uganda. Kule alibeba mifuko ya wachezaji kwenye uwanja uleule tulioalikwa. Miaka yote ile hakuruhusiwa kupiga hata mpira mmoja. Alitaka akanyage pale mara moja, na safari hii mfuko uwe wake.

Tulianza saa moja asubuhi. Nikamwamkia shikamoo, akajibu "kweis", yaani nzuri kwa Kiarabu cha hapa. Ndivyo tunavyosalimiana kila siku, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Shimo la kwanza nikachukua mimi. La pili akachukua yeye, mimi nikiwa nahangaika na mbuzi aliyelala mbele ya mpira wangu. Kanuni zetu zinasema mbuzi ni sehemu ya uwanja.

La tatu tulitoka sare.

La nne tukasimama karibu nusu saa, ng'ombe wa watu wanapita. Mzee alikuwa akisikiliza tu, kisha akasema, "Mmoja iko anachechemea." Nikatazama, kweli, wa mwisho anachechemea. Nikamwona mtaalamu. Akachukua na shimo.

Hapo ningepaswa kushtuka. Tena kila baada ya pigo alikuwa na mazoea ya kuniuliza, "Ustaz, yangu imeenda wapi?" Miezi yote nilidhani ananipima kama nafuatilia mchezo. Na kwenye brauni alipenda niigonge ile fimbo ya bendera shimoni. Nilidhani ni mila ya Uganda. Mnaona msomi wenu alivyo.

Shimo la tano linapakana na eneo lenye mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Ng'ambo ya mawe mabomu ya vita bado hayajasafishwa. Kanuni ni moja tu: mpira ukivuka mawe, umekwenda. Hakuna anayeufuata, hata uwe mpya.

Mzee akapiga, ukavuka. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilipoinua kichwa, anatembea taratibu kuyaelekea mawe, fimbo begani.

"Mzee! Mawe!"

Akasimama. Zilikuwa zimebaki hatua tatu.

"Mawe gani?"

Yalikuwa makubwa kama mitungi ya gesi.

Nikamfuata nikamshika mkono. Nikamrudisha nyuma hatua kadhaa. Kisha akasema, "Mimi naona ukungu tu, ustaz. Huu mwaka ya pili. Usiambie Ssalongo, atanitoa."

Nikamwahidi. Tukakubaliana nimwelekeze mpira wake ulipo, apige mwenyewe. Shimo hilo likawa langu kwa sababu mpira wake ulipotea. Nakiri kwamba hata katika hali ile nilihesabu.

La sita sare. La saba akanifunga tena, asiyeona huyo. La nane nikalipata kwa bahati, mpira uligonga mzizi ukarudi njiani.

Tatu kwa tatu. Limebaki moja.

Shimo la tisa tukapiga wote vizuri kwa umbali, lakini mpira wangu ukaenda kulala nyuma ya kichuguu, pabaya kabisa. Wake ulikuwa hatua kumi mbele, peupe, unamwita mpigaji.

Akauliza kama kawaida, "Yangu iko wapi?"

Nilikuwa nakunywa maji. Nikanyoosha kidole.

Kidole, wakuu. Kwa mtu asiyeona.

Akaenda, akakuta mpira wa kwanza, ule wangu wa kichuguuni. Akapapasa ardhi kwa fimbo, akajipanga. Nilikuwa na sekunde tano nzima za kusema. Ukipiga mpira wa mwenzako umepoteza shimo, hiyo ni kanuni ya gofu popote. Ningemzuia, ungekuwa wema. Ningemwacha halafu nikamshtaki, ungekuwa ushindi.

Sikufanya lolote. Nilijiambia ni huruma, sitaki kumwaibisha mzee. Ukweli ni kwamba akishapiga ule wa kichuguuni, mimi ninabaki na ule mzuri.

Akapiga. Ukaruka juu ya kichuguu kama una nauli, ukatua kwenye brauni.

Mimi na ule mpira mzuri nikapiga mara tatu ndipo nikafika.

Nikagonga fimbo ya bendera. Akasikiliza, akasukuma mpira, ukaingia. Pigo moja! Amenifunga, anakwenda Uganda. Nikampa mkono, nikijiona muungwana wa aina yake.

Akainama kuutoa mpira. Akaushika, akaupitisha kidole gumba mara moja, mara mbili. Uso ukabadilika.

"Huu sio yangu. Yangu nimechonga alama na kisu, ndiyo najua kwa mkono." Akanigeukia. "Nimepiga yako?"

"Inawezekana."

"Wewe uliona?"

"Sikuona."

Akacheka kidogo, bila furaha.

"Mimi macho yangu imekufa, ustaz. Yako wewe iko na shida gani?"

Akaanza kutembea kuelekea kwenye turubai, Ssalongo alipokuwa akitusubiri. Aliijua njia. Mimi ndiye niliyejikwaa.

Ssalongo alikuwa anakunywa chai, kadi ya matokeo iko mezani. Kabla sijakaa, Mzee akasema amesimama, "Andika ustaz ameshinda. Nimepiga mpira yake. Macho yangu imekwisha, kalas."

Ssalongo akaangalia kadi, akamwangalia Mzee, akafungua kalamu. Hakusema pole.

Nilitazama ile kalamu ikishuka. Niliiwaza kwaya.

"Ssalongo, subiri," nikasema. "Niliona tangu anajipanga. Nikanyamaza ili nibaki na mpira wake."

"Professor! Uliona?"

"Niliona."

"Na vitabu yote hiyo umesoma?" Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akawa makini. "Sawa, wewe umetoka. Lakini huyu nampeleka aje? Asiyeona atapiga nini?"

"Amenifunga mashimo matatu asubuhi hii haoni. Mimi nitambeba mfuko, niwe namwambia mpira ulipo."

Mzee Lado akaruka kama amekanyaga moto.

"Huyu? Huyu anaona halafu anasema hakuona! Atanipeleka kwa mto!"

"Ndiye yuko," akasema Ssalongo, akaandika.

Mzee alinuna siku tatu. Siku ya nne alinipigia simu: nije nichukue mfuko wake, nizoee uzito.

Safari ni mwezi ujao. Nilichojifunza ni kidogo: nilikuwa najiona mtu mwema kwa sababu sijawahi kugombea kitu ninachokitaka sana.

Sasa wakuu mnaocheza gofu, nisaidieni. Mbeba mfuko anaruhusiwa kumshika mchezaji mabega na kumpanga, au ni kumwambia kwa mdomo tu? Nimeuliza hapa kila mtu ana jibu lake.

Na wale wa Morogoro mnaomfahamu mke wangu, bado anajua nakwenda kucheza. Niachieni nimwambie mwenyewe.